Mwanamke wa ziwa akishatimiza miaka 50

Tangu 1991, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto unapofika Mwanza huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mama ataulizwa watoto wake, kliniki na uzazi wa mpango. Akitimiza 50, dodoso linamruka. Ilhali Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunamwacha pale pale anapoanza kukosa usingizi.

Kipimo cha kwanza cha dalili za ukomo wa hedhi kilichoenea duniani kilizaliwa kwa ajili ya dawa. Mwaka 1953, Herbert Kupperman na wenzake wa New York walitaka kujua kama vitamini E inatuliza shida za ukomo wa hedhi. Wakaorodhesha dalili 11 na kuzipa uzito: alama za joto la ghafla zilizidishwa kwa 4, za kukosa usingizi kwa 2, za maumivu ya viungo zikabaki kama zilivyo. Ukavu ukeni haukuwamo kabisa. Vitamini E ilishindwa, kipimo kikatumika kwa miongo. J. G. Greene wa Glasgow alitoa chake 1976. Mwaka 1996 Toronto ikaleta dodoso la maswali 29 lililotokana na maelezo ya wanawake wenyewe kuhusu joto, hisia, mwili na tendo la ndoa.

Lakini wanawake gani? Yewoubdar Beyene, katika kitabu chake cha 1989, alieleza kuwa wanawake wa Kimaya wa Yucatán, Mexico, hawakulalamikia joto la ghafla. Margaret Lock, mwaka 1993, aliwaonyesha Wajapani wakitaja zaidi mabega yaliyokaza. Kwa hesabu ya Kupperman, bega la Mjapani lingehesabiwa kidogo tu.

Kwetu, mwaka 1991 jarida la Maturitas lilichapisha uchunguzi wa Moore na Kombe juu ya dalili hizi katika jamii moja ya Tanzania. Mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya dodoso la afya la maswali 36 kwa Kiswahili, lililojaribiwa kwa watu wazima wapatao 3,800 Dar es Salaam. Dodoso la asili la Kimarekani lilitoa mfano wa kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Mama wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, aulizwe kama bado anabeba ndoo ya dagaa, kama kiuno kinamruhusu kuinama juani kuanika. Na anayekaanga samaki kutwa mbele ya moto wa kuni atalitambuaje joto linalotoka mwilini mwake? Swali hilo linahitaji kutungwa na mtu aliyewahi kusimama kando ya karai la kukaangia.

Kuna jambo zito zaidi. Katika Usukuma, macho mekundu ya bibi, mara nyingi kwa moshi wa jikoni, yametosha kumfanya aitwe mchawi. Utafiti wa Edward Miguel wilayani Meatu, uliochapishwa 2005, ulionyesha kuwa miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya wanaodaiwa wachawi huongezeka mara mbili, na karibu wote ni wanawake wazee. Ubora gani wa maisha tutaupima tusipouliza hofu hiyo? Madodoso ya Glasgow na Toronto hayaiulizi.

Mwanza haishindwi kupima. Jaribio la vijijini la 1991 hadi 1994, lililoonyesha kuwa kutibu magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, lilifuatilia watu wa miaka 15 hadi 54. Kisesa, nje kidogo ya jiji kwenye barabara ya Musoma, kaya zimekuwa zikihesabiwa kwa awamu tangu 1994. Msichana aliyeandikwa wakati ule akiwa na miaka 20 sasa amevuka 50, na pengine jina lake bado liko kwenye orodha. Watafiti wa Mwanza, mrudieni mkamuulize.