Kuta Nene na Njia za Upepo: Historia ya Ubaridi wa Nyumba

Mji wa Mpanda haukuzaliwa kwa bandari wala kwa kituo cha misafara, bali kwa madini ya risasi ya Mukwamba na kwa tawi la reli lililoletwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Na leo mitaa yake, Majengo ikiwamo, imeezekwa kwa bati, ambalo lina fadhila ya kudumu na kutovuja, lakini mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kunyesha, humshushia jua lote kichwani yule aliyejenga bila dari.

Wapo watu waliokabiliwa na hari kali kuliko hiyo karne nyingi kabla ya umeme, wakaishinda. Katika mji wa Yazd, nchini Iran, mafundi walijenga badgiri, yaani minara ya upepo, na ule wa bustani ya Dowlatabad hufika mita 33. Mnara hunasa upepo upitao juu ya mapaa, usio na vumbi jingi, na kuushusha chumbani, pengine juu ya birika la maji ili uzidi kupoa. Na upepo ukikosekana, hewa iliyopata moto hupanda yenyewe kwa mnara huo huo na kuipisha iliyo baridi. Wafanyabiashara wa Bastak, huko huko Iran, waliohamia Dubai walikwenda na ufundi huo. Huko Oman, katika ngome ya Jabrin aliyoijenga Imamu Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17, ukumbi wa Jua na Mwezi umetobolewa madirisha ya safu mbili, ya chini yakiingiza hewa baridi na ya juu yakiitoa yenye joto.

Yamkini msomaji wa Mpanda ataziona habari hizi kuwa za mbali. Ila nyumba za Ghuba, kama hizo za Dubai, zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na Rufiji na kupakiwa majahazini, na urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa vyumba, huko kama Lamu na Unguja, hata vikawa virefu na vyembamba. Pwani yetu iliongeza kuta nene za matumbawe na chokaa, baraza, na vichochoro ambamo nyumba hutiliana kivuli mchana kutwa.

Bara nako hakukukosa maarifa. Tembe ya Wagogo, kadhalika ile ya Kwihara, karibu na Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872, ilitegemea udongo mnene, ambao hulimeza joto polepole hata likafika ndani saa za usiku, wakati ambapo nje kumekwisha kupoa na mtu aweza kufungua dirisha. Naam, tembe ilikuwa na giza na moshi, na aliyeikimbia hakukosea. Kosa, kwa rai yangu, ni kuutupa ukuta pamoja na moshi. Mwalimu Nyerere, alipoyapima matunda ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamikia watu waliokataa matofali na vigae, wakangojea bati na saruji, aliyoiita udongo wa Ulaya.

Wakati huo ulimwengu ulikuwa umeanza kuurejea ufundi huo wa kale. Hassan Fathy, msanifu wa Misri, alijenga Gourna Mpya katika miaka ya 1940 kwa matofali mabichi, akiwatumia mafundi wa Kinubi waliojua kuinua kuba bila boriti hata moja. Jengo la Eastgate, Harare, lililokamilika mwaka 1996, hupitisha hewa baridi ya usiku katika saruji yake ili liwe na akiba ya mchana. Na Masdar, Abu Dhabi, wamesimamisha mnara wa upepo wa mita 45.

Mtaa wa Majengo, Mpanda, hauhitaji mnara. Unahitaji dari, tundu za hewa juu ya ukuta zinazotazamana pande mbili, upenu mpana wa kuukinga ukuta na jua la alasiri, na tofali lenyewe. Hapo ndipo penye uzito, kwani tofali la kuchoma, ambalo ni zuri kwa ubaridi, hula miti ya miombo tanurini. Lakini tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza, hushindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo uliotiwa saruji kidogo, likaachwa kivulini na kunyunyiziwa maji hadi likomae, bila ukuni hata mmoja.