Gharama za mpira wa kikapu wa vijana, Fairfax

Gharama za mpira wa kikapu wa vijana katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani, ni fedha ambazo wazazi hulipa ili watoto wao wachezee timu za kusafiri, yaani timu teule zinazopata wachezaji kwa majaribio na kushindana nje ya mtaa wao.

Kuna ngazi mbili. Timu za klabu za jamii hucheza ligi ya kaunti, FCYBL, na mara nyingi hufundishwa na wazazi wanaojitolea, hivyo ada yake huwa nafuu. Klabu binafsi hushiriki mashindano ya AAU, chama cha michezo cha Marekani kilichoundwa mwaka 1888. Hizi hulipa makocha na kukodi kumbi, na mzigo humwangukia mzazi.

Ada ya klabu kwa kawaida hugharimia mazoezi, waamuzi na kujiandikisha mashindanoni. Jezi huweza kulipiwa kando. Petroli, chakula, hoteli na kiingilio cha mzazi mlangoni ni juu ya familia. Kwa mfano, safari ya kwenda mashindanoni Hampton, Virginia, kwenye ukumbi wa Boo Williams, ni takriban kilomita 250. Baadhi ya waandaaji hulazimisha timu kulala katika hoteli walizoteua wao.

Kwa mujibu wa Taasisi ya Aspen, mwaka 2024 familia ya Kimarekani ilitumia wastani wa dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019.