Walioshinda Kando ya Kitanda cha Washington

Kifo cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya madaktari na damu waliyomtoa. Tarehe 12 Desemba 1799, akiwa na umri wa miaka 67, alizunguka mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia, akiwa juu ya farasi katika theluji na mvua ya mawe. Kesho yake koo lilianza kumuuma. Usiku wa kuamkia tarehe 14 pumzi ikambana, na usiku wa siku hiyohiyo akakata roho. Madaktari James Craik, Gustavus Brown na Elisha Dick waliitwa, na kwa makadirio mgonjwa alitolewa damu zaidi ya lita 2. Mpaka leo wapo wanaobishana kama kilichomuua ni ugonjwa au ni tiba. Swali ambalo halijapata wabishi wengi ni hili: mtu aliyeumwa kwa takribani saa 20, asiyeweza kumeza wala kusema sawasawa, aliuguzwa na nani? Jibu lipo, tena limo katika karatasi zilezile zinazotumiwa kueleza habari za madaktari. Waliomuuguza ni watumwa wake wa nyumbani. Majina yao hayakupotea. Wasomaji ndio walioyaruka.

Shahidi mkuu ni Tobias Lear, katibu wa Washington, aliyeandika habari za siku ile akiwa ameiona kwa macho yake. Anasema kwamba mgonjwa alimwamsha mkewe, Martha, kati ya saa nane na saa tisa usiku, lakini akamkataza kutoka kitandani asije akashikwa na baridi. Wakangoja hadi alfajiri, Caroline Branham, mtumishi wa ndani, alipokuja kuwasha moto. Yeye ndiye wa kwanza kuwakuta katika dhiki hiyo, na yeye ndiye aliyetumwa kumwita Lear. Kutwa nzima Christopher Sheels, mtumishi binafsi wa Washington, alikuwa kando ya kitanda. Alasiri Washington alimwona amesimama muda mrefu, akamwashiria aketi. Roho ilipotoka, kati ya saa nne na saa tano usiku, Lear aliwahesabu waliokuwamo chumbani: Martha, Dokta Craik, Lear mwenyewe, Christopher pale kitandani, na karibu na mlango Caroline, Molly na Charlotte, pamoja na msimamizi wa nyumba, Bi Forbes. Wanne kati ya hao walikuwa watumwa. Linganisha na taarifa ambayo Craik na Dick waliichapisha gazetini siku chache baadaye: humo mna dawa, malengelenge na kutoa damu, lakini hamna mtumishi wa chumbani hata mmoja.

Hata maelezo ya Lear yana mwanya unaostahili kusomwa kwa makini. Anapoeleza jinsi alivyojilaza kitandani ili amwinue na kumgeuza mgonjwa, anajitaja waziwazi. Lakini anapofika saa mbili asubuhi, Washington alipotaka kuamka, anaandika tu kwamba mgonjwa alivishwa nguo na kuongozwa hadi kwenye kiti karibu na moto, akakaa mpaka kiasi cha saa nne. Nani alimvisha, nani alimshika mkono, hasemi. Hapa mtafiti hana budi kukisia, ila anakisia akiwa na msingi. Kumvisha Washington nguo ilikuwa kazi ya Christopher ya kila siku, na Lear huyohuyo anashuhudia kwamba Christopher alikuwapo hata wakati mgonjwa ameketi. Kama mikono ile ingekuwa yake Lear, angeisema, kama alivyoisema penginepo.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba Christopher na wenzake walikuwa watumishi tu, wala si wauguzi. Pingamizi hili lina udhaifu wa tarehe. Shule ya Florence Nightingale ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Tukidai cheti, basi mwaka 1799 hakukuwa na muuguzi Virginia nzima, na wagonjwa wote walijiuguza wenyewe. Afadhali tupime kwa kazi. Kukoka moto, kumbadilisha mgonjwa nguo, kumsaidia kuketi, kumwangalia bila kuondoka: huo ndio uuguzi, hata kama anayeufanya ameandikwa katika orodha ya mali. Isitoshe, aliyempasua Washington mshipa kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa George Rawlins, msimamizi wa shamba, naye hakuwa daktari. Historia ya tiba imempa Rawlins nafasi bila kumdai cheti.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linajifanya sifa. Husemwa kwamba kule kusimama kwa Christopher kutwa kunaonyesha mapenzi ya mtumwa kwa bwana wake. Hapo tumwache Lear, tusome barua za Washington mwenyewe. Mwaka 1797, Christopher alipoumwa na mbwa aliyehofiwa kuwa na kichaa, Washington alimpeleka kwa Dokta Stoy, Lebanon, Pennsylvania, naye akarudi. Wanaotetea hoja ya mapenzi hupenda kuishia hapo. Lakini Septemba 1799 iliokotwa karatasi iliyofichua mpango wa Christopher kutoroka na mwanamke aliyekuwa mtumwa kwa Roger West, na tarehe 19 ya mwezi huo Washington alimwandikia West kuhusu jambo hilo. Basi yule aliyesimama kando ya kitanda Desemba alikuwa mtu aliyetaka kuondoka miezi mitatu nyuma, akazuiwa. Huenda alimhurumia mzee anayekabwa na pumzi. Huruma haihitaji ruhusa ya sheria. Hata hivyo, kusimama kwa mtu asiyeruhusiwa kuondoka hakuwezi kuwa ushahidi wa mapenzi.

Itasemwa pia kwamba deni la uuguzi huo lililipwa, kwa kuwa wosia wa Washington uliwaachia huru watumwa wake. Ni kweli, ila kweli hiyo ina mpaka. Kati ya watumwa 317 aliowaorodhesha Mount Vernon mwaka 1799, walio wake walikuwa kiasi cha 120 na ushei. William Lee, ambaye Christopher alirithi kazi yake, alipewa uhuru mara moja na dola 30 kila mwaka. Wengine waliachiwa na Martha tarehe 1 Januari 1801. Lakini kundi kubwa zaidi, watu 153, lilitokana na mali ya Daniel Parke Custis, mume wa kwanza wa Martha, na kisheria Washington hakuweza kuwaachia. Christopher, Caroline, Molly na Charlotte walikuwa katika kundi hilo. Martha alipofariki mwaka 1802, watu hao waligawanywa kwa wajukuu wake. Caroline aliangukia fungu la George Washington Parke Custis, huko Arlington.

Kwa hiyo anayetafuta muuguzi aliyesahauliwa asidhani kwamba lazima kwanza apate shajara iliyofichwa sandukuni. Aanze na karatasi za mkubwa mwenyewe: orodha ya watumishi, barua za malalamiko, wosia, maelezo ya katibu. Azisome akiuliza kazi hii ilifanywa na mikono ya nani, kisha azilinganishe, na akikisia aseme anakisia. Katika habari ya Mount Vernon, majina manne yamo kwenye hati tangu mwaka 1799. Kitabu kinachowataja madaktari watatu wa Washington na kuwaacha Christopher Sheels, Caroline Branham, Molly na Charlotte hakijakosa ushahidi, kimechagua kutousoma.