Dhahabu na Pamba Katika Nchi ya Geita

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu tumeona yafaa kuandika habari za dhahabu, ijapokuwa sisi ni watu wa pamba. Vijana wengi wa vijiji vyetu wameacha jembe wakashika nyundo na tindo, wala haitufai kujifanya hatuoni.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966. Babu zetu waliouingia walikuwa vibarua wa mshahara. Wenzao waliobaki shambani walikuwa na vita vyao: kupunjwa katika mizani ya wanunuzi wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliwaweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani hiyo. Kutokana na jambo dogo hilo vyama vya ushirika viliota, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani.

Mchimbaji mdogo hakupata mizani ya namna hiyo. Alipoanza kuchimba kwa wingi Nyarugusu na Rwamagasa, alikopeshwa unga na zana na mtu yule yule atakayeinunua dhahabu yake, kwa bei yake na kwa mizani yake. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua, lakini shughuli hiyo haikudumu. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, yaani zaidi ya miaka 60 baada ya wakulima wa pamba kupata haki ya kuona uzito wa mali yao. Sisi twaona sababu ni moja: wakulima walikwenda mizanini pamoja, mchimbaji alikwenda peke yake, tena usiku.

Hata hivyo si haki kusema dhahabu imeleta hasara tupu. Bati nyingi zinazong'aa vijijini zimetoka duarani, na wako wanachama walionunua maksai na plau kwa fedha hiyo. Mwenye mpunga na mahindi naye hupata wateja.

Taabu ni kwamba dhahabu haingoji msimu. Habari za rashi zikifika Novemba, pamba haipandwi. Zikifika Januari, palizi huachiwa akina mama na wazee. Kisha rashi huhama, mashimo hubaki, na ng'ombe hutumbukia. Zebaki nayo, ikichomwa ili dhahabu ibaki, hutoa moshi wa sumu usioonekana, na mara nyingi huchomwa karibu na jiko la kupikia. Mabaki yake huchukuliwa na mvua hadi mitoni.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka leseni ndogo za uchimbaji kwa Watanzania, na yataka ridhaa ya mwenye shamba. Lakini ridhaa nyingi hutolewa kwa mdomo tu, kwa ahadi ya viroba vichache vya mawe, bila neno lolote juu ya kufukia. Shauri la mkataba wa maandishi litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao. Kila mwanachama mwenye mashimo shambani mwake na aje na idadi yake.