Mpaka wa Maji: Sange, Uvira na Sheria ya 1973

Katika bonde la mto Ruzizi uingiao Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, ambako Sange iko kando ya barabara iendayo Uvira, ugomvi wa jirani na jirani juu ya ardhi iliyo kando ya maji ulianza kuwa mgumu kabla ya wakoloni kuandika hati yoyote, kwa kuwa ukingo wa maji wenyewe haukutulia. Baada ya maji ya Ziwa Tanganyika kufungua njia ya mto Lukuga mwaka 1878, ziwa lilishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na ardhi mpya ikatokea. Mvua za miaka ya 1960 zikalirudisha juu.

Kwa mila, mwami, yaani mtawala wa jadi, ndiye aliyegawa ardhi na kuamua mashauri. Agizo la Julai 1885 la Dola Huru ya Kongo, lililoifanya ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya Serikali, lilimwekea mwami mwamuzi wa pili. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilikwenda mbali zaidi: kitanda cha ziwa au mto, yaani ardhi iliyo chini ya maji hadi mstari wa mafuriko ya kawaida, ni mali ya umma, hivyo majirani wawili wanaopigania mchanga wa ufukwe huenda wote hawaumiliki. Ardhi za mila, hata hivyo, ziliachiwa amri ya rais ambayo haikutolewa, na pengo hilo ndilo linaloirudisha kesi kwa mwami.