Jinsi ya kutambua paneli iliyo ndani ya runinga mpya ya OLED

MNUNUZI wa runinga ya OLED jijini Eldoret hukuta ukubwa wa kioo na jina la mtengenezaji vimeandikwa wazi kwenye kasha. Aina ya paneli, kwa kawaida, haitajwi, ilhali runinga mbili zenye jina moja zaweza kuwa na paneli tofauti.

Kwanza, herufi zisimhadae mnunuzi. QLED si OLED. QLED ni kioo cha LCD kinachomulikwa na taa kutoka nyuma. Katika OLED, kila kitone huwaka na kuzimika chenyewe, hivyo palipo peusi hapana mwanga wowote.

Paneli za OLED za runinga ni za aina mbili kuu. WOLED hutengenezwa na LG Display ya Korea Kusini, na imetumika katika runinga za LG tangu 2013. Mwanga wake ni mweupe, nao hupitishwa katika vichujio vya rangi. QD-OLED ya Samsung Display ilifika sokoni 2022. Mwanga wake ni wa buluu, na chembechembe ndogo mno hugeuza sehemu yake kuwa nyekundu na kijani.

Utata hutokana na Samsung kuuza runinga zenye paneli za aina zote mbili. Mnamo 2023, S90C ya inchi 77 ilikuwa na QD-OLED, ilhali ya inchi 83 ilikuwa na WOLED. Katika S90D ya 2024, za inchi 42 na 48 zilikuwa na WOLED, nazo za inchi 55 na 65 zilitofautiana kulingana na soko zilikopelekwa. Sony nayo ilitumia QD-OLED katika A95L ya 2023, kisha WOLED katika Bravia 8 ya 2024.

Njia rahisi ya kutambua ni mwanga. Runinga ikiwa imezimwa, kioo kimulikwe kwa tochi ya simu au kielekezwe mlangoni penye jua. WOLED hubaki nyeusi. QD-OLED huonyesha wekundu wa zambarau au kijivu.

Njia ya uhakika zaidi ni lenzi ya kukuza, kama ile atumiayo fundi wa simu. Picha nyeupe ikiwashwa, vitone vya WOLED huonekana vimepangwa kwa mstari, kimojawapo kikiwa cheupe. Vya QD-OLED ni vitatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, navyo hukaa kwa umbo la pembetatu.

Hakuna kati ya hizo iliyo bandia. Sebule yenye madirisha mapana hufaidika na weusi wa WOLED mchana; QD-OLED husifika kwa rangi zilizokolea. Muhimu ni mteja kupata alicholipia.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nchini Kenya inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hata hivyo, ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aombe runinga ifunguliwe na kuwashwa dukani, aipime, kisha namba kamili ya modeli na aina ya paneli ziandikwe kwenye risiti.