Vihisi vya upepo wa matairi: jinsi ya kuvifunga na kuvitunza kwenye malori yanayofika Kalerwe

Soko la Kalerwe, kaskazini mwa jiji la Kampala, ni miongoni mwa masoko makubwa ya chakula nchini Uganda. Ndizi, nyanya na kabichi hushushwa hapo usiku na alfajiri. Kando ya soko inapita Northern Bypass, barabara inayoyawezesha malori yanayotoka Malaba na Busia kuelekea Masaka, Katuna na Kigali bila kuingia katikati ya jiji. Mbele kidogo, pale Bwaise, barabara hiyo inakutana na barabara ya Bombo, njia ya Gulu, Elegu na Juba.

Kwa mfanyabiashara wa nyanya, tairi likipasuka kabla ya kufika soko hasara si ya tairi peke yake. Nyanya zilizolala njiani siku moja juani hazipati tena bei ya asubuhi. Kwa msafirishaji wa kontena, gari lililokwama hukosa mzigo wa kurudi. Na kwa dereva na utingo wake, tairi la mbele likipasuka katika mwendo, suala ni uhai.

Matairi mengi hayapasuki ghafla bila sababu. Hupungukiwa upepo polepole, mbavu zake hupindapinda, joto hupanda, kisha waya na mpira huachana. Kihisi cha upepo, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, hutoa taarifa wakati tatizo bado ni dogo. Makala hii inaeleza aina zake, namna ya kuvifunga, kuviseti na kuvitunza.

KWA NINI KUPIGA TAIRI NYUNDO HAKUTOSHI

Lori la ekseli 6 lenye matairi pacha hubeba matairi 22: mawili ya usukani, manane ya kuvuta na 12 ya trela. Desturi ya utingo ni kuzunguka gari akigonga kila tairi kwa nyundo au chuma. Njia hiyo hugundua tairi lililoisha upepo kabisa. Haiwezi kutofautisha tairi la psi 110 na la psi 85, na hapo ndipo hatari ilipo.

Matairi pacha ndiyo yanayoficha zaidi. La ndani likipungukiwa, la nje hubeba uzito wa yote mawili na gari huonekana limesimama sawasawa. La ndani huendelea kuchemka bila mtu kujua. Tairi la namna hiyo linaweza kushika moto likiwa karibu na breki zilizopata joto la mteremko, na moto wa tairi ni mgumu kuuzima kwa kizima moto kidogo cha kwenye kabini.

Kuna pia suala la mafuta. Kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu wa malori, upungufu wa psi 10 kwenye matairi yote hula kati ya nusu asilimia na asilimia 1 ya mafuta. Kutoka Mombasa hadi Kampala, takriban km 1,150, lori linalotumia lita 45 kwa km 100 litatumia lita 517 hivi. Asilimia 1 yake ni lita 5. Kwa hiyo asikudanganye muuzaji kwamba vihisi vitajilipa kwa mafuta peke yake katika safari chache. Faida kubwa iko kwenye matairi yanayodumu na mizigo inayofika.

AINA ZA VIHISI

1. Vya kofia. Hufungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko cha kawaida. Havihitaji kung'oa tairi, na betri yake ndogo ya duara hubadilishwa kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba huibwa kwa urahisi gari likiegeshwa, na kila kimoja ni mahali pengine panapoweza kuvuja.

2. Vya ndani. Hufungwa kwenye shina la valvu ndani ya tairi, au kwa mkanda wa chuma unaozungushwa kwenye rimu. Haviibwi, na husoma joto vizuri zaidi kwa kuwa viko ndani ya hewa yenyewe. Lakini tairi lazima livuliwe ili kuvifunga. Betri yake kwa kawaida imezibwa humo humo. Ikiisha baada ya miaka kadhaa, kihisi kizima hubadilishwa.

3. Mfumo usio na kihisi cha upepo. Baadhi ya magari madogo hukisia upungufu wa upepo kwa kulinganisha mwendo wa magurudumu kupitia vihisi vya breki za ABS. Hauonyeshi psi ya kila tairi, na haufai kwa kazi ya trela zenye matairi pacha.

Vihisi si jambo geni duniani. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 baada ya ajali nyingi za matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford Explorer, na magari madogo mapya ya huko yakalazimika kuwa navyo. Umoja wa Ulaya ulivifanya vya lazima kwa aina mpya za malori, mabasi na trela tangu Julai 2022, na kwa magari yote mapya ya aina hizo tangu Julai 2024. Kwa hiyo malori ya mitumba yatakayotoka Ulaya miaka ijayo yatafika yakiwa navyo, na fundi wa pancha asiyevijua atavivunja.

KABLA YA KUNUNUA

Angalia mambo manne kwenye boksi.

Kwanza, kiwango cha juu cha upepo. Seti nyingi za rejareja zimetengenezwa kwa magari madogo au magari ya watalii ya kulala ndani. Tairi la lori hujazwa psi 100 hadi 130, na likipata joto hupanda zaidi. Tafuta kihisi kinachosoma angalau psi 180.

Pili, umeme. Malori mengi hutumia volti 24, zikiwemo Canter na Elf nyingi kutoka Japani. Kioo cha kuonyeshea kilichotengenezwa kwa volti 12 tu kitaungua.

Tatu, masafa ya redio. Vihisi vya soko la Marekani na Japani mara nyingi hutumia megahezi 315, na vya Ulaya 433.92. Kihisi cha masafa moja hakitasikika kwenye kipokezi cha masafa mengine, hata kama vinafanana kwa sura.

Nne, urefu wa gari. Kutoka kabini hadi ekseli ya mwisho ya trela ni zaidi ya mita 10, na katikati kuna chuma kingi. Nunua seti yenye kirudishio cha mawimbi, ambacho hufungwa nyuma ya kabini au kwenye fremu ya trela.

NAMNA YA KUFUNGA

Fanya kazi hii matairi yakiwa yamepoa, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi na jua halijayapiga. Lori lililoshusha Kalerwe usiku hufaa kufungwa alfajiri kabla ya kuondoka. Upande uliopigwa na jua husoma juu kuliko upande wa kivuli, na ukiseti wakati huo utakuwa umeseti uongo.

a) Pima kila tairi kwa geji ya mkono unayoiamini, ulijaze kwa kiwango kinacholingana na uzito unaobeba. Soma jedwali la mtengenezaji wa tairi. Namba iliyo ubavuni huhusu uzito wa juu kabisa wa tairi hilo.

b) Washa kioo, kisha sajili vihisi kimoja kimoja kwa mpangilio: mbele kushoto, mbele kulia, na kuendelea nyuma. Andika namba ya kila kihisi na mahali pake kwenye daftari la gari. Bandika alama kwenye kihisi chenyewe.

c) Safisha uzi wa valvu kwa brashi. Funga kihisi cha kofia kwa mkono mpaka kikaze, kisha kaza nati yake ya kuzuia wizi. Usitumie koleo, mpira wa ndani ukikatika kitavuja.

d) Paka maji ya sabuni kuzunguka kihisi. Povu likitoka, fungua na uangalie mpira.

e) Kwenye matairi pacha, kihisi cha tairi la ndani lazima kipite kwenye tundu la rimu la nje bila kugusa chuma. Kama valvu ni fupi, tumia kiendelezo cha chuma kilichofungwa imara. Viendelezo vya mpira visivyoshikiliwa hutikisika na kuvuja, na uzito wa kihisi huongeza tatizo.

f) Kwenye gari dogo lenye valvu za mpira, badilisha kwanza uweke valvu za chuma. Kihisi kinachozunguka kwa kasi huvuta valvu ya mpira mpaka ikapasuka shinani.

g) Kwa vihisi vya ndani, weka alama ya rangi kwenye rimu mahali kilipo. Fundi aanze kubandua tairi mbali na alama hiyo, asije akakipiga na chuma chake.

KUSETI TAHADHARI

Kiwango cha msingi ni upepo wa tairi baridi. Tuseme ni psi 110. Seti onyo la kwanza kwa upungufu wa asilimia 10, yaani psi 99, na onyo la hatari kwa asilimia 20, yaani psi 88. Onyo la juu liwe asilimia 25 zaidi, yaani karibu psi 138. Joto, nyuzi 80 za Selsiasi ni kikomo kizuri kwa kuanzia.

Dereva afundishwe kwamba upepo hupanda na joto. Tairi la psi 110 lililojazwa kwenye nyuzi 25 litasoma karibu psi 125 likifika nyuzi 60. Hiyo ni kawaida. Kosa kubwa njiani ni kupunguza upepo wa tairi moto ili lirudi 110: likipoa litashuka hadi karibu psi 97, na safari inayofuata itaanza na tairi lenye njaa.

Mwinuko nao una sehemu yake. Hewa ya Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Geji itaonyesha psi 2 zaidi bila mtu kuongeza chochote, na pale Timboroa, karibu mita 2,700, tofauti hufika psi 4. Vihisi vingine havihesabu mwinuko huo. Hivyo kihisi na geji vikitofautiana psi 2 au 3 Kalerwe, usikimbilie kukitupa. Linganisha vyote vya gari: kama vyote vimetofautiana kwa kiasi kile kile, havina ubovu.

KINAPOLIA NJIANI

Upungufu wa polepole: punguza mwendo, tafuta mahali salama pa kuegesha, pima kwa geji. Usisimame kwenye kona au ndani ya njia. Kwenye Northern Bypass usiku lori lililosimama bila alama ni hatari kuliko tairi lenyewe. Weka pembetatu.

Kushuka kwa kasi: shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki kwa nguvu, acha gari lipungue lenyewe.

Joto limepanda gurudumu moja tu wakati upepo uko sawa: shuku breki inayoshika au beringi, usishuku tairi.

Jambo moja lisipuuzwe. Tairi la lori lililotembea na upepo pungufu kwa asilimia 20 au zaidi lihesabiwe limeharibika mpaka livuliwe na kukaguliwa ndani. Waya za ubavu zikiwa zimechoka, tairi linaweza kufunguka kama zipu wakati wa kujazwa na kumuua aliyesimama mbele yake. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati. Lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikizo, na watu wakae pembeni. Kando ya barabara zetu bado tunaona kijana amechuchumaa mbele ya tairi akijaza. Mwenye gari ana wajibu wa kukataa.

MATUNZO

Kila safari: dereva asome kioo kabla ya kuwasha gari na aandike tairi lililo tofauti na mwenzake. Pacha wasipishane zaidi ya psi 5.

Kila mwezi: linganisha vihisi na geji. Kaza nati za wizi. Baada ya mvua, hasa kwa magari yanayopita maeneo ya Kalerwe na Bwaise ambako maji hufurika, fungua vya kofia, futa tope na angalia kutu.

Kila mwaka: badilisha betri za vya kofia zote kwa pamoja, na mipira yake. Betri moja ikizimika leo, nyingine zitafuata wiki hiyo hiyo.

Kila unapohamisha matairi: hamisha na usajili. Kihisi kilichobaki na namba ya zamani kitakutuma kwenye tairi zima huku bovu likiendelea kuchemka.

Kila unapobadilisha trela: hakikisha kioo kinasoma trela uliyonayo, si uliyoiacha bandarini au kwenye bohari ya forodha.

Epuka dawa ya kuziba pancha ya maji kwenye matairi yenye vihisi vya ndani. Huziba tundu la kupimia.

KIHISI HAKIFANYI NINI

Kihisi hakijazi upepo, hakioni mkato wa ubavu wala mpira uliozeeka, na hakihalalishi uzito uliozidi. Ukomo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa tani 56 kwa gari zima, na ukomo wa kila ekseli, unabaki pale pale kwenye mzani. Tairi lililokatika kwenye shimo hupasuka bila kutoa onyo lolote.

Kwa mwenye uwezo mdogo, si lazima kuanza na matairi yote 22. Anza na mawili ya usukani na yale ya ndani ya kila pacha, ambayo jicho haliyafikii. Mengine yaendelee kupimwa kwa geji, kila alfajiri, kabla ya jua.